Nilivyomfuata Zakayo Chiwanda

Ndugu zangu sita,

Tangu nirudi, kila mmoja wenu ameniuliza kwa njia yake. Agatha alinisimamisha nje ya kanisa. Mponda alikuja mpaka shuleni, nikiwa na madaftari ya darasa la sita mkononi. Fidelis akatuma mtu. Swali ni moja: Zakayo yuko wapi, na kwa nini mechi ya wahitimu imepita bila yeye wala mimi kuonekana? Kueleza mara sita sitaweza. Naandika mara moja, msome wote.

Mnakumbuka tulivyoagana. Ilikuwa chuoni, tumekaa upande wa jikoni wa uwanja wa kikapu kama tulivyozoea tangu tukiwa wanachuo, tukiwatazama vijana wa siku hizi. Mpira ukishavuka katikati, wa kwanza kuupata anasimama nyuma ya ule mstari wa pointi tatu na kuuachia. Fidelis akasema wanarusha kama watu wanaopopoa maembe, tukacheka. Tukaanza kuikumbuka timu yetu na sheria ya pasi tano, na jinsi sisi mashabiki tulivyohesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, nne, tano, ndipo mpira umfikie yule mrefu chini ya kikapu, ageuke mara moja na kuutia ndani. Tukasema hakuna aliyejua kugawa mpira kama Zakayo. Ikaamuliwa afuatwe kwao, aje awaonyeshe vijana. Mwenye likizo nilikuwa mimi.

Kati yetu saba hakuna aliyetaja ile barua.

Songea hadi Kigonsera

Siku hizi mabasi ni ya watu binafsi na yako mengi, lakini mengi ni mizee iliyopakwa rangi mpya. Letu lilikata springi kabla ya Kigonsera. Dereva akasema nusu saa. Tulikaa tangu saa tatu asubuhi mpaka saa kumi.

Baridi ya Juni mnaijua. Nilisogea kwenye nyumba iliyo karibu na barabara, bibi mmoja akanikaribisha jikoni kwake, akanipa makande ya moto kwenye bakuli la bati. Akaniuliza naenda kutafuta nini huko ziwani. Nikamwambia namfuata rafiki yangu kwa ajili ya kikapu. Akatoka. Baada ya muda akarudi na wanawake watatu, kila mmoja amebeba vikapu kichwani, wakavipanga mbele yangu kwa ukubwa. Alidhani mimi ni mnunuzi, kwa kuwa siku hizi wanunuzi wa kila kitu wanapita. Ilinichukua muda mrefu kueleza kwamba kikapu changu ni cha chuma, hakina kitako, na watu hugombania mpira ili wautumbukize upite uanguke chini.

"Unapita unaanguka chini?" akauliza mmoja.

"Ndiyo, mama."

"Halafu?"

"Halafu mnaanza tena."

Walibeba vikapu vyao wakaondoka. Bibi alinisikitikia, akaniongeza makande.

Mbinga

Kesho yake nilikuwa Mbinga, nikaambiwa gari la kushuka ziwani halipo mpaka keshokutwa. Ukungu ulikuwa umekaa mpaka milangoni. Ghala la ushirika lililokuwa likijaa kahawa limefungwa, na mbele yake wanunuzi binafsi wamesimamisha mizani zao, kila mmoja anaita. Mitumba imetundikwa kwenye nyaya kila mahali. Nilimwona mzee wa Kimatengo akishusha gunia la kahawa, amevaa fulana ya timu ya kikapu ya chuo kikuu cha Marekani, namba kumi na moja mgongoni. Ndiyo namba aliyokuwa akivaa Zakayo. Nilimsalimia, "Shikamoo, mzee," nikataka kumwambia, nikaona haina maana.

Mchana niliingia kwenye banda la video. Mnajua kanda zinazooneshwa humo, za ngumi na bunduki, lakini siku ile walikuwa na kanda ya kikapu, vyuo vya hukohuko Amerika. Vijana thelathini kwenye mabenchi wakimtazama mtu akidunda mpira, akisimama mbali, akirusha. Unaingia. Wanapiga kelele. Anakuja mwingine, anasimama mbali zaidi. Nilishindwa kunyamaza. Nikasema kwa sauti, "Hawa hawachezi. Hata pasi mbili hawajapeana."

Karani mmoja wa kampuni ya kahawa, kijana mwenye miwani, akageuka. "Mwalimu, pasi za nini wakati mtu anaona kikapu?"

"Ukiwa mbali hivyo kikapu huwezi kukiona. Unabahatisha."

"Aliyefanya mazoezi habahatishi," akasema. "Mkaba akibaki chini ya kikapu, unamwadhibu kwa kurusha. Akitoka kukufuata, ndipo unatoa pasi. Zamani mlikuwa mnawasubiri wakae sawa ndipo mshambulie."

Niliondoka nimekasirika, kisha hasira ikanigeukia nikiwa kitandani kwenye nyumba ya wageni. Yale maneno ya karani nilikuwa nimeyasikia zamani. Zakayo alimwambia hivyohivyo mwalimu wetu wa michezo, akakatazwa kurusha mwaka mzima.

Sasa niseme lile ambalo hatukulisema. Fainali ile tulikuwa nyuma kwa pointi moja. Zimebaki sekunde chache, sisi tunahesabu. Tulifika tatu. Kwenye tatu, Zakayo akasimama mbali kabisa, enzi ambazo hata ukirusha kutoka mlangoni kwako ni pointi mbili tu, akarusha. Mpira ukagonga chuma, ukazunguka, ukatoka. Jioni ile mmoja wetu akasema Zakayo ana raba mpya, na siku hizo raba mpya nani alikuwa nazo? Basi amenunuliwa, ameuza mechi. Mimi nilikuwa na mwandiko mzuri, nikaandika barua kwa mkuu wa chuo, tukatia sahihi saba. Zakayo alifukuzwa ikiwa imebaki miezi mitatu awe mwalimu. Ni miaka kumi na mitano sasa.

Mbinga hadi Mbamba Bay

Gari lilikuwa lori la marobota ya mitumba na katoni za sabuni, abiria juu. Mteremko ule, wenye vifua vibovu, uogopeni. Tulikuta daraja la magogo limekatika, wanaume tukashuka kukata miti, na kazi ile ikamaliza siku nzima na asubuhi ya pili. Tulikula mihogo ya kuchoma tuliyopewa na watu wa kijiji cha jirani, nao wakatuomba tu habari za kahawa huko juu.

Kando yangu alikaa muuguzi wa zahanati ya Chiwanda, mama wa makamo aitwaye Stella, aliyekuwa akirudi na maboksi ya dawa. Tukiwa hapo darajani nilimuuliza kama anamfahamu Zakayo.

"Zakayo yupi? Raba?"

"Raba?"

"Ndiyo jina lake kwetu. Aliuza mechi chuoni kwa jozi ya raba, wakamfukuza. Hata watoto wanajua." Akanitazama vizuri. "Wewe ni nani wake?"

"Nilisoma naye ualimu."

"Basi una bahati kumkuta. Kifua. Amelazwa hospitali mara mbili, dawa anaanza anaacha, na sasa mwili umekwisha. Mwalimu, usikae naye ndani mmefunga madirisha."

Nilikuwa na shoka mkononi nikisubiri zamu yangu. Nililishika mpaka mtu akaniomba.

Mbamba Bay hadi Chiwanda

Mbamba Bay joto lilitupokea kama tumeingia nchi nyingine. Nilikula ugali wa muhogo na usipa, wale dagaa wa ziwani, kwa mama mmoja karibu na gati, nikaazima baiskeli kwa mwalimu mwenzangu wa shule ya pale, nikaanza kufuata njia ya kusini. Mchanga ulinilazimisha kuikokota nusu ya safari. Kila nilipouliza njia niliulizwa naenda kwa nani, na kila nilipotaja Zakayo walinisahihisha: "Aa, kwa Raba." Ilipofika mara ya nne nilikuwa nimeanza kukereka, na mara ya sita nilikuwa nataka kurudi.

Chiwanda

Mama yake alikuwa uani akianika usipa. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za safari, akaniletea maji. Aliposikia nimesoma na mwanawe alisimama akanitazama, akaonyesha kibanda kilichojitenga nyuma ya nyumba kubwa. "Yuko kule," akasema. "Hajakaa nyumba hii tangu arudi. Baba yake alikataa."

Zakayo alikuwa kwenye mkeka mlangoni, blanketi mabegani kwenye joto lile. Mkimwona hamtamjua. Mikono tu ndiyo ileile, vile vidole virefu.

"Kosmas," akasema. "Umezeeka."

"Tumezeeka."

"Wamekutuma?"

Nikampa salamu zenu. Nikamwambia habari ya mechi ya wahitimu, kwamba tunataka aje awaonyeshe vijana jinsi ya kugawa mpira. Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, na ilinibidi nimshike mpaka kipite.

"Pasi," akasema. "Kwani wao wanachezaje?"

Nikamweleza. Hakuwa ameusikia mstari wa pointi tatu. Nikachukua kijiti, nikachora mchangani: kikapu hapa, mstari unazunguka hivi. Ukirusha ukiwa nje ya mstari, unapata tatu.

Aliuinamia mchoro. "Siku ile nilisimama wapi?"

Nikaweka kidole.

"Ni nje," akasema.

"Ni nje."

"Na kijana akikosa?"

"Wanarudi kulinda."

"Basi?"

"Basi."

Akaniomba kijiti, akachora wale wengine wanne walivyokuwa wamesimama. Aliwakumbuka wote. Mrefu wetu alikuwa amekabwa na wawili, mmoja mbele, mmoja nyuma. Wa kulia alikuwa ameanguka. Wa kushoto alikuwa amempa Zakayo mgongo. "Ningempa nani?" akauliza. "Ninyi mlikuwa mnahesabu tu. Nilikuwa nawasikia. Mpaka leo huwa naota watu wanahesabu."

Miaka kumi na mitano nimeisimulia ile mechi, na sikuwahi hata siku moja kujiuliza wenzake walikuwa wapi.

Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Barua mkuu alinionyesha. Mwandiko niliujua."

"Ni mimi niliyeandika."

"Na raba ulijua zimetoka wapi."

Hapa ndugu zangu msome polepole, kwa sababu hili hamkulijua. Nilijua. Wiki mbili kabla ya fainali Zakayo alikaa kwenye kitanda changu bwenini akanisomea barua ya mjomba wake aliyekuwa migodini Afrika Kusini, aliyempitishia zile raba Malawi kwa mtu wa meli. Niliziona zikiwa bado kwenye boksi. Nilizijaribu, zikanibana. Na jioni ile mlipouliza raba zimetoka wapi, nilinyamaza, nikachukua kalamu.

"Kwa nini, Kosmas?"

"Tulishindwa kwa pointi moja," nikasema. Ndilo jibu lililotoka. Nililisikia mwenyewe lilivyo dogo.

Nikaanza kumwomba radhi. Akainua mkono. "Usiniombe mimi. Mimi nilikuwepo, najua ukweli. Kamwambie mama."

Mama Zakayo Kiswahili chake ni cha kanisani, na mpira wa kikapu hajawahi kuuona. Nilikaa kwenye kigoda mbele yake. Nikaanza na uwanja, na chuma, na watu watano kwa watano. Alisikiliza akiendelea kuchambua usipa, kisha akanikatiza.

"Mwanangu aliuza kitu?"

"Hapana, mama."

"Aliiba?"

"Hapana. Alirusha mpira, haukuingia."

"Alikosa."

"Alikosa."

"Alikosa tu?"

"Alikosa tu, mama."

"Na mkamfukuza."

"Tulisema uongo. Mimi niliuandika."

Aliacha kuchambua. Akaweka mikono mapajani. Akaniambia kwamba mume wake alikuwa mwalimu wa kanisa, mtu asiyependa aibu, na kwamba tangu kijana arudi hakula naye sahani moja. Kijana akaomba angalau asome somo kanisani, maana alisoma vizuri. Baba yake akakataa kusomewa neno na mtu aliyeuza wenzake. Baba huyo alikufa mwaka juzi. Zakayo alichimba kaburi pamoja na wengine, na hakuna aliyempa nafasi ya kusema.

"Jumapili," akasema, "utayasema haya kanisani."

Ilikuwa Alhamisi. Nikamwambia gari linalopanda Mbinga linaondoka Ijumaa, na mechi yetu ni Jumamosi, watu wananisubiri.

"Jumapili," akasema tena, akarudia usipa wake.

Sasa mnajua kwa nini hamkuniona.

Jumapili

Siku zile tatu nililala kwa padri wa pale. Mchana nilikaa na Zakayo, na hatukuongea mambo makubwa. Alitaka habari za mchezo. Wanashikaje mpira? Wanaruka kabla ya kuachia au miguu inabaki chini? Wanaoruhusiwa kurusha ni wangapi? Nilipomwambia ni wote watano, hata mrefu akitaka, alitikisa kichwa, nusu kwa furaha, nusu sijui kwa nini. "Wote watano," akarudia. Muuguzi Stella alipita kumpa dawa, akaniuliza pembeni kama ni kweli alivyosikia kwa Mama Zakayo. Nikamwambia ni kweli. Tangu saa ile hakuniita tena mwalimu.

Baada ya misa na matangazo, padri akaniita mbele. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri, yakanipotea. Nilisema jina langu, nikasema barua niliandika kwa mkono wangu, nikasema raba zilikuwa za mjomba wake na mimi nilijua. Kisha mwanamume mmoja akauliza kutoka nyuma, "Kwa hiyo hakuuza?"

"Hakuuza."

"Basi tumemwita vile kwa miaka yote hii bure."

Nilibaki nimesimama. Mama Zakayo akatoka mbele, akapita mbele yangu bila kunitazama, akaelekea mlangoni. Watu wakamfuata.

Walikwenda mpaka kwenye kile kibanda. Zakayo alikuwa ameegemezwa ukutani. Wakapanga mstari, wazee kwanza, wakamshika mkono mmoja mmoja. Wengine walisema pole, wengine walishindwa. Mzee mmoja aliyekuwa mhudumu wa kanisa pamoja na marehemu baba yake alipiga magoti kwa shida, akamshika mikono yote miwili, akalia. Zakayo alimwambia ainuke. Aliwatazama wote kwa upole, kama mwalimu anayewaita watoto majina.

Watu walipokwisha, alifumba macho. Nilidhani amelala.

"Mmoja hayupo," akasema, uso ameuelekeza kwenye nyumba kubwa ya baba yake.

Kurudi

Niliondoka Jumatatu alfajiri. Nilikwenda kumuaga, nikamkuta macho.

"Wale sita wengine wako salama?" akauliza.

"Wazima wote."

Akawataja. Agatha, Mponda, Fidelis, Bosko, Leokadia, Tasilo. Aliwataja kwa mpangilio, na nilipokuwa njiani nikikokota baiskeli ndipo nilipogundua kwamba ni mpangilio wa sahihi zilivyokaa chini ya barua.

"Waambie nipo," akasema.

Kanisani sikuwataja. Nilitaja jina langu tu, na mama yake hajui wengine ni nani. Lakini Zakayo anajua, na sikutumwa kuwaletea msamaha wala lawama, nimetumwa kusema yupo. Muuguzi anasema hadhani kama atazifikia mvua za mwisho wa mwaka.

Kwa hiyo njia ndiyo hiyo. Basi likifa karibu na Kigonsera, subirini jingine. Mbinga ulizeni lori la marobota, linaondoka nyuma ya ghala la ushirika. Lile daraja tulilitengeneza, lakini shukeni mvuke kwa miguu. Kuanzia Mbamba Bay fuateni njia ya kusini, na mkiulizwa mnaenda kwa nani, semeni kwa Zakayo. Sasa watawaelewa.